Chemsha Bongo Chini ya Kibo

Miongoni mwa maswali yasiyokosekana katika mashindano ya chemsha bongo ya shule zetu, na katika vijitabu vya maarifa ya jumla vinavyouzwa kando ya barabara, lipo moja ambalo kila mtoto wa darasa la tano amelikariri pamoja na jibu lake: Nani aligundua Mlima Kilimanjaro? Jibu linalopewa alama ni Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, mwaka 1848. Mtoto akijibu hivyo hupigiwa makofi. Mtoto huyo aweza kuwa mzaliwa wa Kibosho, Marangu au Mkuu Rombo. Nyumba ya babu yake imejengwa mgongoni mwa mlima huo huo, na ukoo wake umezikwa katika kihamba hicho hicho kizazi baada ya kizazi. Hakuna anayemwuliza kama babu zake walikuwa wameupoteza mlima hata ukahitaji kugunduliwa.

Yafaa kusema mapema kwamba chemsha bongo si mchezo wa kudharauliwa. Katika nchi ambayo kwa muda mrefu kitabu kimekuwa kitu adimu, swali moja fupi la historia au la sayansi limefanya kazi ambayo maktaba haikuwapo kuifanya. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, maelfu ya wakulima waliokwisha kuota mvi walikaa kwenye madawati ya watoto wao, na maswali ya namna hii yaliwapa hamu ya kurudi kesho yake. Tatizo halimo katika kuuliza. Tatizo limo katika kujua nani ametunga swali, na kutoka upande gani wa mlima alikuwa akiutazama.

Tuanze na huyo Rebmann mwenyewe, maana kisa chake kikisomwa chote kina mafunzo makubwa kuliko jibu la vijitabu. Tarehe 11 Mei 1848 alikuwa njiani kutoka Mombasa kwenda Uchagga, akiongozwa na Bwana Kheri, mkuu wa msafara aliyeijua njia ile. Rebmann akaona kitu cheupe kileleni. Alipouliza ni nini, kiongozi wake alimjibu kwa neno moja: baridi. Basi kabla Mzungu hajaandika sentensi ya kwanza juu ya theluji ya Afrika, Mswahili alikuwa amekwisha kumpa habari yenyewe. Wala Bwana Kheri hakuwa wa kwanza kujua. Rebmann huyo huyo alisimuliwa kwamba Rengua, Mangi wa Machame na baba yake Mangi Mamkinga, alipata kutuma kundi la watu wapande kwenda kuchunguza ule weupe. Karibu wote walipotea. Aliyerudi alikuwa na mikono na miguu iliyoharibiwa na baridi. Uchunguzi wa namna hiyo, wenye swali, wenye gharama na wenye matokeo, ukifanywa na mtu wa London huitwa safari ya kisayansi.

Na London yenyewe ilifanya nini ilipopata habari? Ilikataa. Bwana William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia wa siku hizo ambaye hakupata kutia mguu katika Afrika Mashariki, alitoa kitabu mwaka 1852 akishikilia kwamba theluji karibu na Ikweta haiwezekani. Ilibidi Baron Karl Klaus von der Decken aje mwaka 1861 pamoja na mjiolojia Richard Thornton, kisha arudi mwaka 1862 pamoja na Otto Kersten na kupanda kiasi cha mita 4,300, akanyeshewe theluji mwilini, ndipo wakubwa wa jiografia wakaridhika. Miaka kumi na mitatu na zaidi ilipita kuthibitisha neno moja la Bwana Kheri. Aidha, Mhispania Martín Fernández de Enciso alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1519 kwamba magharibi ya Mombasa kuna mlima mrefu sana, akauita Olimpo ya Ethiopia. Habari hiyo hakuiota. Aliipata kwa mabaharia, nao mabaharia waliipata kwa watu wa pwani waliofanya biashara na bara. Mwenye kutaka swali zuri la chemsha bongo na aulize: Kwa nini wataalamu wa Ulaya walikataa kuamini kuwa Kilimanjaro una theluji, na nani aliyewatangulia kulijua jambo hilo? Hapo mtoto atalazimika kufikiri.

Swali la pili katika umashuhuri ni la nani aliyefika kileleni kwanza. Vijitabu husema Hans Meyer, tarehe 6 Oktoba 1889, pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Tarehe hiyo ni sahihi. Lakini jibu hilo linaachwa peke yake kama mgomba uliokatwa makuti. Meyer alikuwa amejaribu mara mbili kabla ya hapo. Mwaka 1888 yeye na Oscar Baumann walikamatwa na watu wa Abushiri bin Salim, ambao wakati huo walikuwa wamesimama kuupinga uvamizi wa Wajerumani pwani, na hawakuachiliwa mpaka walipolipa fidia. Meyer aliporudi na kufika juu mwaka uliofuata, alikipa kilele jina la Kaiser Wilhelm, akachukua jiwe la huko na kumpelekea Kaiser, nalo likawekwa katika jumba lake la Potsdam. Miezi miwili na siku chache baada ya kilele kupewa jina hilo, tarehe 15 Desemba 1889, Abushiri alinyongwa Pangani. Mambo haya mawili huandikwa katika vitabu mbalimbali, katika milango mbalimbali, na mwanafunzi huyakariri bila kujua kuwa ni jambo moja.

Kwa upande wetu nako kuna la kusema, na lisemwe bila haya. Mwaka 1989, miaka mia ilipotimia tangu safari ile, alitokea mbele ya umma mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, akaheshimiwa kuwa ndiye aliyemwongoza Meyer. Tangu hapo vijitabu vimeanza kuandika kwamba Lauwo alizaliwa mwaka 1871 na kufa mwaka 1996, yaani aliishi miaka 125. Umri huo unapita umri wa binadamu yeyote aliyepata kuthibitishwa duniani. Kwa upande mwingine, Meyer katika kitabu chake alimtaja kwa jina Mwini Amani, mtu wa Pangani, kuwa ndiye aliyekaa nao kwenye kambi ya juu kabisa, wakati wapagazi wengine walipokuwa wamerudishwa chini. Mwini Amani hana sanamu wala swali lake katika chemsha bongo. Uzalendo hauhitaji kuegemezwa na hesabu zisizokubalika; tukimlaumu Cooley kwa kukataa ushahidi, hatuna ruhusa ya kuupokea wetu bila kuupima.

Lipo na jingine linalochekesha. Watu wengi waliosoma, hata wenye shahada, watakuambia kwamba mpaka wetu na Kenya umepinda pale Kilimanjaro kwa sababu Malkia Victoria alimpa mjukuu wake, Kaiser Wilhelm wa Pili, mlima huo kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi hii hupendeza masikio ya watalii. Lakini mstari wa mpaka ulikubaliwa kati ya Uingereza na Ujerumani mwaka 1886, na Wilhelm wa Pili hakuupata ufalme mpaka mwaka 1888. Aliyekuwa Kaiser mwaka 1886 ni babu yake upande wa baba, mzee wa karibu miaka tisini, ambaye hakuwa mjukuu wa Victoria. Ukweli ni mbaya kuliko hadithi. Mlima haukutolewa kwa mapenzi ya bibi. Uligawanywa mezani na makampuni na mabalozi, baada ya Wajerumani na Waingereza kushindana kuwawekea Mangi mikataba ambayo maana yake hawakuelezwa. Hadithi ya zawadi inaugeuza ukoloni kuwa habari za nyumbani kwa watu wakubwa, na ndiyo sababu imedumu.

Wachagga hawakukaa kimya katika mgawanyo huo. Mwezi Juni 1892 Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Rindi, alilishinda jeshi la Wajerumani, na mkuu wake, Luteni von Bülow, akauawa. Mwaka uliofuata Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa hadharani Old Moshi pamoja na viongozi wengine, jumla yao watu 19, kwa tuhuma ya kula njama. Kila mtoto wa Tanzania anaweza kutaja mwaka wa Vita vya Majimaji, na ni vizuri hivyo. Wachache mno wanaweza kutaja tarehe ya Old Moshi, hata katika shule zilizo mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka pale.

Katika upande wa sayansi, mlima huu unahusika na mojawapo ya visa bora vya elimu vilivyopata kutokea katika nchi yetu, na ni ajabu kwamba kinajulikana zaidi ng'ambo kuliko hapa. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakijitengenezea aiskrimu: huchemsha maziwa, huchanganya na sukari, huacha yapoe, kisha huyatia katika friji. Nafasi ilikuwa chache. Siku moja Mpemba, akihofia kuikosa, alitia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi aliona maziwa yake yamekwisha kuganda, na ya mwenzake aliyetia ya baridi bado ni uji. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Mpemba alipata uthibitisho wake wa kwanza kwa rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu katika mji wa Tanga. Huyo hakuwa na shaka yoyote. Alimweleza kuwa wao katika biashara hutia ya moto ili igande upesi. Maarifa yalikuwapo mtaani, mikononi mwa wavuja jasho, wakati darasani yalikuwa yakikanwa. Mpemba alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akajibiwa kwa kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu, na aliposhikilia aliyoyaona, ikawa mzaha: hiyo ni fizikia ya Mpemba. Tangu siku hiyo kila aliyekosea hesabu aliambiwa ametumia hesabu za Mpemba. Hatimaye Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alitembelea shule ile kutoa mhadhara. Mpemba akasimama mbele ya wote na kuuliza kwa nini maji yenye joto la nyuzi 100 huganda kabla ya yale yenye nyuzi 35. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, alirudi Dar es Salaam na kumwagiza fundi wake apime. Fundi alileta habari kwamba maji ya moto yametangulia kuganda, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka matokeo yawe sahihi! Wengi wetu tumefundishwa sayansi kwa namna ya fundi huyo.

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala kwa pamoja katika jarida la walimu wa fizikia la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori, Mweka, juu kidogo ya mji wa Moshi. Jambo lenyewe lilikuwa limewahi kutajwa na Aristotle, na baadaye na Francis Bacon na Descartes, kisha likasahauliwa. Leo dunia nzima hulitaja kwa jina la Mtanzania. Mwaka 2012 Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kilitangaza tuzo kwa atakayetoa maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 wanasayansi wengine walipima upya wakasema hawakuona tofauti ya kutegemewa, na mabishano yakaendelea. Swali la chemsha bongo linalouliza tu jina la aliyegundua hali hii huliua lililo bora ndani yake, yaani kwamba bado halijaisha. Shule yoyote yenye friji moja na vipimajoto viwili inaweza kuingia katika mabishano hayo wiki hii.

Upo pia uongo wa kisayansi unaopewa alama. Swali: Mito ya Kilimanjaro inapata wapi maji? Jibu la mazoea: katika barafu ya Kibo. Barafu hiyo kweli inatoweka. Mwaka 1912 ilifunika kiasi cha kilomita za mraba 12. Ilipofika 2011 zilikuwa hazitimii 2. Mwanasayansi Mmarekani Lonnie Thompson, aliyetoboa barafu hiyo na kukadiria sehemu yake ya chini kuwa na umri wa miaka 11,700, alitabiri mwaka 2002 kwamba ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, vipande vingali vipo, navyo vinazidi kusinyaa. Lakini sehemu kubwa ya maji yanayoshuka Pangani na kwenye mashamba ya tambarare haitoki huko. Inatoka msituni, katika ukanda ambao upande wa kusini hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Hili si jambo dogo la kubishania. Mwananchi aliyefundishwa kwamba maji yake ni barafu atatazama juu na kulaumu joto la dunia, ambalo kweli lastahili lawama, na hatatazama shoka lililo mkononi mwa jirani yake, wala moto kama ule wa Oktoba 2020 ulioteketeza uoto wa juu kwa siku nyingi. Jibu baya la chemsha bongo hapa linakata miti.

Katika msitu huo huo, kwenye korongo la Mrusungu, ulitangazwa mwaka 2016 mti wa jamii ya Entandrophragma excelsum wenye urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopata kupimwa barani Afrika hadi wakati huo. Aliyeupima ni Andreas Hemp, Mjerumani aliyeuchunguza mlima huu kwa miongo mingi. Heshima yake apewe. Lakini bila shaka mti wa kimo hicho haukuwa umejificha kwa wawindaji na warina asali wa vijiji vya chini yake.

Na mifongo je? Mifereji hii ya Wachagga huyatoa maji katika makorongo, huyapitisha kando ya miamba kwa mteremko mdogo mno usioonekana kwa macho, na kuyafikisha vihambani kilomita kadhaa mbali. Ilichimbwa bila darubini ya kupimia ardhi wala saruji, na Wazungu wa kwanza waliofika waliishangaa maandishini. Ilikuwa na sheria zake: ukoo uliochimba, siku ya zamu, kazi ya kuzibua, adhabu ya mwizi wa maji. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia, ule wa migomba, kahawa na miti mikubwa katika shamba moja. Katika vijitabu vya maarifa ya jumla mtoto wa Shimbwe ataulizwa mifereji ya maji ya Roma ya kale. Aijue, ndiyo. Ila mfongo ulio nyuma ya jiko la mama yake haumo kitabuni, na mwenye kujua ulivyopimwa ana miaka themanini.

Kwa habari za sanaa, swali linalopendwa ni la riwaya na hadithi za Kizungu. Ernest Hemingway aliandika hadithi yake fupi yenye jina la theluji ya Kilimanjaro mwaka 1936, baada ya safari ya kuwinda Tanganyika ambamo aliugua kuhara damu, akachukuliwa kwa ndege mwezi Januari 1934. Mwanzoni mwa hadithi yupo chui aliyekauka karibu na kilele, na chui huyo hakutungwa: mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch wa Kanisa la Kilutheri alimkuta ameganda ukingoni mwa Kibo. Ni hadithi nzuri, na asiyeisoma amekosa kitu. Lakini watu wa mlima hawana sauti ndani yake. Mlima upo kwa ajili ya kifo cha mgeni mmoja.

Ukiwauliza wenyeji, Kibo na Mawenzi wana hadithi yao ya zamani zaidi. Mawenzi alikuwa mvivu wa kutunza moto, akawa anakwenda kwa Kibo kuomba makaa, na kila mara husingizia kuwa yamezimika njiani, ili mradi apewe na chakula. Siku moja Kibo akachoka, akashika mchi na kumponda, na ndiyo sababu Mawenzi leo ana kichwa kilichochongoka na kupasuka huku Kibo amevaa kofia nyeupe. Mjiolojia atasema Mawenzi ni volkano kongwe zaidi iliyomomonyoka, na Kibo ni changa zaidi. Yote mawili yaweza kuulizwa katika swali moja, na mwanafunzi atapata fasihi na sayansi kwa mpigo. Mwenye kutaka maandishi na amtafute Petro Itosi Marealle, aliyetoa mwaka 1947 kitabu chake cha Kiswahili juu ya maisha ya Mchagga duniani na ahera.

Hapa wako watakaodhani kinachotakiwa ni kujifungia ndani ya kihamba na kutupilia mbali elimu ya dunia. Hawamjui Mwalimu Nyerere. Katika mwaka 1967 aliandika Elimu ya Kujitegemea akipinga shule inayowafanya vijana wadhani kila maarifa ya maana yamo vitabuni au kwa mtu aliyesoma, na mkulima hana la kufundisha. Miaka miwili baadaye mtu huyo huyo alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya Shakespeare. Hakuona mgongano wowote. Vivyo hivyo kijana anayejua kwamba Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021 na asijue kwamba riwaya yake ya Paradise imekuwapo kwa Kiswahili tangu 2022 kwa jina la Peponi, amepata nusu ya habari. Ile nusu ambayo ingemwezesha kusoma ndiyo aliyonyimwa.

Mji wa Moshi wenyewe umeingia katika historia ya dunia zaidi ya mara moja. Mwezi Februari 1963 ulikuwa mwenyeji wa Mkutano wa Tatu wa Mshikamano wa Watu wa Afrika na Asia. Mwezi Machi 1979, vita vya kumwondoa Nduli Idi Amin vikiendelea, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi na kuunda umoja wao chini ya Yusuf Lule. Kabla ya hayo yote, wakulima wa kahawa wa mlimani walianzisha chama chao mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa kiongozi, ili kujitetea dhidi ya walowezi waliotaka Mwafrika akatazwe kulima zao hilo. Mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU. Na usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliwasha Mwenge juu ya Kibo, jina la Kaiser likafutwa, kilele kikaitwa Uhuru. Hili la mwisho kila mtu analijua. Yale mengine, jaribuni kuwauliza vijana walio stendi.

Lawama isiwaangukie walimu peke yao. Mwalimu mwenye wanafunzi themanini hununua kijitabu kilichopo, na kilichopo mara nyingi kimenakiliwa kutoka kingine, makosa yakiwa mahali pale pale. Matawi ya Umoja wa Vijana, maofisa utamaduni wa wilaya, chuo cha ushirika na chuo cha Mweka vyote viko hapo hapo mlimani, na kazi ya kukusanya maswali mia mbili ya Kilimanjaro haihitaji bajeti ya wizara. Yanahitajika madaftari na vijana wa kwenda kukaa na wazee jioni, na kisha mtu mwenye elimu wa kuyahakiki, asiyeona haya kumwambia mzee kwa adabu kwamba hesabu ya miaka haikubali. Maswali mengine yaachwe bila jibu, kama la jina la Kilimanjaro lenyewe, ambalo wataalamu wamelibishania tangu enzi za Krapf, hasa kwa kuwa wenyeji walitaja Kibo na Mawenzi kila mmoja kwa jina lake. Hata kimo tunachokariri, mita 5,895, kilitoka katika upimaji wa mwaka 1952. Vipimo vya setilaiti vya 1999 vilipunguza kama mita mbili na nusu.

Maswali mengine hayawezi kungoja. Baada ya Meli na wenzake kunyongwa mwaka 1900, mafuvu ya watu wa Kilimanjaro yalipelekwa Ujerumani, na ukoo wa Meli umekitafuta kichwa chake kwa miongo mingi. Mwezi Septemba 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeonyesha udugu kati ya baadhi ya mafuvu hayo na familia zilizo hai, likiwamo la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Waliotoa sampuli zao kwa ajili ya vipimo hivyo ni wazee wa Moshi na vijiji vya jirani, na shule ziko hatua chache kutoka milangoni kwao.